Kila Plasta ya Mtoto Ikivuliwa, Mume Wangu Anaondoka Nayo

Wasomaji wa ukurasa huu, jina langu nimeomba lifichwe na la mtoto nimelibadili mwenyewe, kwa hiyo msihangaike kunitafuta. Nina miaka ishirini na minne, kwetu ni Ushetu kwa wakulima wa tumbaku, na nimeolewa na mchimbaji wa dhahabu huku Geita. Mimi si mtu wa kuamini kila ninachoambiwa. Lakini mwaka huu nimefika mahali namtazama mume wangu akila, najiuliza huyu ninayelala naye ni nani.

Binti yetu, tumwite Kabula, alizaliwa miguu yote miwili imepinda kwa ndani, nyayo zinatazamana. Nililia mpaka nesi akanifokea. "Mama, mtoto mzima huyu! Huu ni mguu kifundo, unanyooshwa. Utamleta kila wiki, tunavua plasta, tunaukanda mguu, tunafunga nyingine. Ukianza kuruka wiki, mguu utarudi ulivyokuwa." Baba Kabula alisimama mlangoni na kofia mkononi.

Sasa sikilizeni. Mume wangu na wenzake walikuwa wamechimba duara lao, yaani shimo lao la dhahabu, tangu masika, wanatoa mawe matupu. Wiki ileile niliyojifungua, duara likatema dhahabu. Alikuja wodini na doti mbili za khanga na redio mpya. Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Aliyenitia maneno ni jirani yangu pale kambini kwa wachimbaji tunakoishi, mama mmoja muuza uji. Alimpakata mtoto, akaitazama miguu yake, akashusha sauti: "Mwenzangu, hujajiuliza? Miguu imefungwa, duara limefunguka." Nikamwambia aniondolee balaa, tena nikacheka. Usiku huohuo sikupata usingizi.

Nikaanza kumchunguza mume wangu. Wanaume wa kambini hata zahanati ilipo hawajui, lakini wangu hakosi kliniki hata siku moja. Nesi akishailoweka plasta na kuikata, yeye anainama anaokota yale maganda, mpaka vipande vidogo, anatia kwenye mfuko wa rambo. Mara ya kwanza nesi alimtania, "Baba, unakwenda kusiribia nyumba?" Wote tulicheka isipokuwa yeye. Nilipomuuliza anayapeleka wapi, akasema anakwenda kutupa. Mbona hospitali ina shimo la taka? "Mama Kabula, mengine achana nayo."

Niachane nayo! Mtoto nimezaa mimi! Wiki iliyofuata tulipofika kambini nikamwachia jirani mtoto, nikamfuata kwa mbali, mchana kweupe. Hakusimama popote. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye duara lake, akashuka na mfuko, akapanda mikono mitupu. Nikakaa chini kwenye kokoto.

Alipokuja kula nikamwambia nimemwona. Hakukana. Aliweka tonge chini, akasema, "Wewe huwajui watu wa huku. Kuna wenzangu wameniomba hayo maganda, mmoja kanipigia magoti. Wanaamini kitu kilichogusa mguu wa namna ile kinavuta dhahabu. Nikiyaacha hospitali yataokotwa. Nayafukia mahali ambapo naona mwenyewe nani anashuka na nani anapanda." Maneno mazuri, si ndiyo? Na mimi nilitaka kuyaamini, wallahi. Lakini kama wenzake ndio wanaoyatafuta, kwa nini ayafukie kwenye shimo wanaloshuka kila siku? Nilipomuuliza hilo, alinawa mikono akatoka.

Miguu ikaanza kunyooka. Kila wiki nyayo zinageuka kidogo, nesi anafurahi, nami nafurahi. Na duara nalo likaanza kukata, dhahabu ikipungua. Mimi sikutaka kuyaunganisha mambo haya mawili, lakini wenzake waliyaunganisha. Walikuwa wakiniita shemeji kwa mbali, sasa hata salamu hawaitiki. Mmoja aliniuliza kwa kejeli, "Shemeji, bado mnampeleka tu?"

Sasa daktari anasema plasta zimefanya kazi yake, ila kisigino bado kimevutwa juu. Inatakiwa operesheni fupi ya kukata mshipa wa nyuma ya kisigino. Bila baba kufika na kutia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, hawamgusi mtoto. Daktari wa upasuaji huja kwa zamu, akimkosa Kabula safari hii, ni kungoja tena huku miguu inarudi kupinda. Na huyu baba ambaye hakukosa kliniki hata moja, leo ana udhuru. Mara amechoka. Mara mama yake anataka kumwona mjukuu kwanza. Mara "ngoja duara litulie." Operesheni ni hospitali nyingine ambako mume wangu hajulikani, na kaka yangu aliyeko Chato yuko tayari kuja kujifanya ndiye baba na kutia dole. Lakini mume wangu akijua, ndoa imekwisha. Na kama hana hatia, nitakuwa nimemfanyia unyama.

Juzi nilimkuta ameketi na mtoto mapajani, nyayo zote mbili kaziweka viganjani mwake, anazikanda taratibu vile nesi alivyotufundisha. Roho yangu ililainika kabisa, nikawa nataka kumwomba radhi. Ndipo akaniuliza, bila kuinua macho: "Hivi wakishakata huo mshipa, miguu haiwezi kurudi tena ilivyokuwa?"

Nikamjibu haiwezi. Akaendelea kukanda.

Jamani, nimeirudia sauti ile kichwani mpaka nimechoka. Sijui alikuwa anaogopa isije ikarudi, au anatamani irudi. Nyinyi mlioishi na waume muda mrefu kuliko mimi, mngesikia nini hapo? Nimngoje baba yake, au nimwite kaka yangu? Nishaurini upesi, mwanangu ameanza kujishika ukutani anataka kusimama.