Pesa ya Shule Ndani ya Simu Iliyozama

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la sita, na ninaandika polepole.

Ninaosha mawe ya shaba karibu na Kapata. Zamani niliweka pesa yangu ndani ya buti, kwenye mfuko wa plastiki. Wenzangu watatu wa timu walikuwa wameshahamia kuweka pesa kwenye simu. Nikipita walisema, "Banki inapita. Mufunge pua." Mimi nina haya, nilicheka nao tu. Kilichonitesa zaidi ni kutoa noti mbele ya watu. Kwetu anayeonekana na pesa huombwa bia na kila mtu, na mimi sijui kukataa. Ya kwenye simu haionekani. Basi nikamwomba mmoja wao anifungulie akaunti ya pesa ya simu.

Mwezi huo niliweka humo pesa yote ya shule ya mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anaingia sekondari. Mama yetu, anayeuza makaa Mutshatsha, alikuwa anaingoja. Kujiandikisha kulikuwa kunaisha Ijumaa.

Alhamisi asubuhi, nimeinama naosha, simu ikachomoka mfukoni ikazama. Nilipapasa tope mpaka nikaipata, imezimika, inatoka maji. Noti zangu ziliwahi kuoza ndani ya buti, kwa hiyo niliamini na hizi zimeharibika humo. Niliianika juani kama tunavyoanika noti. Haikuwaka. Sikumwambia mtu, nikatembea mpaka Dilala kwa mama wa kabini, anayetuma na kutoa pesa chini ya mwavuli.

"Tata," aliniambia, yaani baba, "tangu saa ile unasimama tu. Sema."

"Mama, pesa yangu imekufa mu maji."

"Pesa haiko mu telefone, tata. Iko mu numero yako. Uko na karte ya kupigia kura?"

Nilikuwa nayo. Alinitolea laini mpya yenye namba ileile, akaiweka kwenye simu yake, akageuza uso nilipoandika namba ya siri. Pesa ilikuwepo yote. Nikakaa juu ya ndoo yake.

Nilituma palepale. Mama yetu akapiga kwenye simu hiyohiyo ya kabini: "Imefika, mwanangu. Kesho asubuhi naenda kumuandikisha."

Mimi niliingizwa kwenye pesa ya simu na wenzangu, na yule mama wa kabini ndiye aliyenifanya nibaki. Na wewe, nani alikuingiza? Niandikieni, hata mistari miwili. Nitajibu, ingawa nitachelewa.