Karani wa mizani na kilo kumi za mdogo wake

Saa moja na nusu asubuhi, mlango mkubwa wa ghala la nafaka ndiyo kwanza unafunguliwa. Vumbi la mahindi linaelea kwenye mwanga, wapakiaji wanajifunga vitambaa puani, na mwanamke mrefu aliyevaa koti la kijivu anapangusa kioo cha mizani kwa kiganja. Anachomoa kalamu sikioni na kusema, "Haya, leteni."

Mkokoteni wa kwanza unapanda jukwaani na magunia kumi. Mshale unakimbia, unayumba, unatulia. Yeye hana haja ya kuukodolea macho. Ameshaandika, na ameshageuka kumtazama mpakiaji wa pili ambaye anajivuta makusudi.

"Wewe, unasubiri kubebwa?" anamuuliza.

"Nasubiri Mama Mizani afurahi kwanza."

"Nimefurahi tangu juzi. Lete mzigo."

Ni kweli amefurahi, na ghala zima linajua sababu. Juzi alipigiwa simu kutoka hospitali akaambiwa amekubaliwa kumpa mdogo wake figo moja, na tarehe ya upasuaji imeshapangwa. Leo ni siku yake ya mwisho kazini kabla ya likizo. Anafanya kazi huku akiimba chini chini, jambo ambalo wenzake wanasema hawajalisikia kwa miaka kumi na sita aliyokaa hapa, na wangeomba lisirudiwe.

Mdogo wake ni fundi umeme mwenye miaka thelathini na minne. Figo zake ziligoma miaka miwili iliyopita. Tangu hapo analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kwa saa nne kila safari, na siku zinazobaki hana nguvu hata ya kupanda ngazi. Ukoo mzima ulipimwa, mpaka shemeji anayezimia akiona sindano. Aliyefaa ni mmoja tu, dada mtu.

Tatizo likawa uzito. Siku ile hospitalini alisimama kwenye mizani ikasoma kilo mia na nne na ushei. Daktari akamwambia hawezi kumpasua mtu mzima wa afya akiwa na mwili ule. Hatari ni kubwa mno. Ashuke chini ya tisini na tano. Akampa miezi mitano.

"Nilicheka," anasema Mama Mizani, akimwashiria mpakiaji ashushe mzigo. "Kwa siku moja mimi ninapitisha hapa kilo elfu thelathini. Leo uniambie kilo kumi? Hiyo ni nusu debe. Nikamwambia daktari, wewe andaa visu vyako."

Kilichompa kiburi hicho hakikuwa kazi peke yake. Kila Alhamisi jioni alikuwa akitazama kipindi cha watu wanaoshindana kupunguza unene. Watu wanene wanawekwa kwenye nyumba moja, wanakimbizwa na mwalimu anayefoka, na mwisho wa wiki wanapandishwa kwenye mizani mikubwa huku muziki ukidunda. Huyu kapungua kilo saba, yule tisa. Aliyepungua kilo moja anarudishwa kwao akilia.

Basi naye akaanza kama alivyoona. Alfajiri mbio, mchana maji matupu, jioni kijiko cha wali. Siku ya tisa kizunguzungu kikamkamata akiwa kazini, akajishikiza kwenye jukwaa la mizani lililokuwa na mzigo wa mteja.

"Mzigo ukaongezeka kilo sitini tukiangalia," anasimulia kiongozi wa wapakiaji, mwanamume mfupi anayeitwa Kipande. "Nikasema hapa pana gunia lenye mtu ndani. Kugeuka, dada yetu yuko chini."

Muuguzi wa lishe pale hospitalini alimsomea masharti. Mbio azisahau kwanza. Aache sukari kwenye chai, ajaze nusu sahani mboga, atembee kwa miguu kwenda na kurudi kazini, alale mapema. Akishuka nusu kilo kwa wiki, ametimiza.

"Nusu kilo," anarudia Mama Mizani, na hata sasa uso unamkunjamana. "Niliona ananidharau. Wenzangu kwenye televisheni wanaangusha tisa, mimi niombe nusu? Kule ningefukuzwa wiki ya kwanza."

Hata hivyo alifuata, maana hakuwa na njia nyingine. Dakika hamsini kwa miguu asubuhi, hamsini jioni. Chai chungu. Sambusa za kantini akazipita akiwa amegeuza shingo.

Ubaya ni kwamba katika chumba cha kusafisha damu kuna televisheni ukutani, na Alhamisi inawashiwa kipindi kilekile. Mdogo wake, amelala na mipira mkononi, alikuwa akikitazama kama mtu anayetazama mechi ya timu yake.

"Mimi kilinipa uhai, sikufichi," anasema fundi umeme huyo nyumbani kwao, akiwa ameegemea mto. "Nilikuwa nahesabu. Yule mama wa kule kashuka kilo nane, basi na dada yangu lazima anashuka. Kesho yake nampigia simu. 'Dada, wiki hii ngapi?'"

Kila Ijumaa simu hiyo ililia. Na kila Ijumaa, wapakiaji wakishaondoka, Mama Mizani alivua viatu, akapanda kwenye jukwaa la mizani ya ghala na kujipima.

Kwa nini asiende kujipima hospitali, au hata duka la dawa? Anacheka kwa aibu. "Mimi nipime tani nzima, halafu nikajipange foleni dukani nipimwe na kimizani cha kukanyaga? Na watu wananiangalia kama wale wa kwenye televisheni? Hapana, mwanangu."

Wiki ya kwanza mizani ilisoma mia na tano. Wiki ya pili, mia na tano. Ya tatu, mia na tano. Akapunguza chakula zaidi, akatembea zaidi, na ya sita ikaja vilevile. Kwenye kipindi, wakati huo, mshiriki mmoja alikuwa ameshatupa kilo thelathini na anaonyeshwa akicheka ndani ya suruali yake ya zamani.

"Niliuchukia mwili wangu," anasema. "Nilisema huu mwili una roho mbaya, unataka mdogo wangu afe."

Ijumaa ya wiki ya saba simu ililia, na kabla hajajua anasema nini, ulimi ukatoa: "Tisini na nane, mdogo wangu." Upande wa pili alimsikia akivuta pumzi, kisha kilio cha furaha cha mwanamume mzima. Jioni ile alikaa jikoni akala mkate mzima kwa siagi, bila kuhisi ladha yake. Kesho yake hakutembea. Jumapili aliizima simu.

Jumatatu ndiyo fundi mizani alikuja. Huyu ni mzee mwembamba mwenye mfuko wa vyuma, anayepita mara moja kwa mwaka kuhakiki kama mizani inasema kweli. Akaweka vyuma vyake, akatikisa kichwa, akaridhika. Mizani haikuwa na kasoro.

"Basi nimekwisha," Mama Mizani alisema, na mzee akauliza kulikoni. Akamweleza yote, mbele ya Kipande, maana hakuwa na nguvu za kuficha.

Fundi akamwambia apande. Akapanda.

"Inasema ngapi?" fundi akauliza.

"Si hiyo, mia na tano."

"Mshale uko wapi, mama?"

Hapo inafaa msomaji aijue mizani hii. Ni ya kupimia mikokoteni iliyojaa, kwa hiyo kioo chake kina mistari ya kilo tano tano. Na ghalani kuna desturi ya tangu enzi: mshale ukisimama kati ya mistari miwili, karani anaandika mstari wa juu. Hiyo ni salama kwa dereva, lori lake lisije likaonekana limezidisha mzigo barabarani. Mama Mizani amefanya hivyo kwa miaka kumi na sita, makumi ya mara kwa siku. Jicho lake halioni tena nafasi iliyo katikati.

"Nikatazama," anasema. "Mshale ulikuwa umeuacha mstari wa mia nyuma kidogo tu. Na siku ya kwanza, nakumbuka vizuri, ulikuwa umeugusa ule wa mia na tano kabisa."

"Unajisoma kama gunia," fundi alimwambia.

Kipande anasema hajawahi kuona mtu akishuka kwenye mizani kwa kasi ile. Alikwenda hospitali na koti lake la vumbi. Mizani ya muuguzi ikasoma mia na moja, kasoro kidogo. Alikuwa amepungua karibu kilo nne, nusu kilo na ushei kila wiki, kama alivyoambiwa. Alikaa kwenye benchi la korido akalia mpaka muuguzi akamletea karatasi za kufutia uso.

Lakini kilo mia na moja si tisini na nane, na uongo ulikuwa bado umelala kwenye simu iliyozimwa. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mdogo wake akamwambia ana kwa ana.

"Alisimama mlangoni, hakukaa," mdogo mtu anakumbuka. "Akasema, 'Nilikudanganya.' Nikajua amegoma. Nikajua ndiyo basi tena. Aliponieleza ule mshale, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha nikamwomba msamaha. Mimi kumbe nilikuwa namkaba na yale maswali."

Naye akakiri la kwake. Miezi yote alikuwa akimwambia dada yake kwamba mashine haimchoshi. Kumbe kila akitoka pale analala sakafuni karibu na mlango, kwa sababu kitanda kiko mbali.

Walikubaliana. Mdogo asimuulize tena kilo, amuulize kama ametembea. Na Alhamisi, saa ya kipindi, dada atakuwa amekaa kando ya kitanda chake kwenye chumba cha mashine, wazungumze. Televisheni iendelee kupiga kelele zake.

Je, vipindi vya namna hii vinawapa watu moyo au vinawavunja? Pale ghalani ukiuliza, kazi inasimama. Kipande anakitetea kwa nguvu zote. Yeye kilimwachisha soda, na tumbo lake, anasema huku akilipiga kofi, ni ushahidi. Mpakiaji mwingine anasema mkewe alikitazama msimu mzima, akakata tamaa, akaacha hata kwenda sokoni kwa miguu.

Muuguzi wa lishe hapendi kukilaani. "Anayekuja kwangu baada ya kukitazama anakuja na hamu," anasema. "Lakini anakuja pia na kipimo cha wenzake. Kazi yangu ya mwezi wa kwanza ni kumnyang'anya hicho kipimo."

Mama Mizani mwenyewe amepima pande zote mbili. "Bila kile kipindi nisingethubutu kumjibu daktari ndiyo," anasema. "Na ni hichohicho kilichonikalisha na mkate mzima. Wale wanalala, wanapikiwa, wana mwalimu. Mimi nina magunia. Sikuwaza hilo hata siku moja."

Wiki mbili zilizopita, miezi mitano ilipotimia, alisimama tena mbele ya daktari. Tisini na nne nukta mbili. Vipimo vingine vikachukua siku kadhaa, na juzi ndiyo simu ikaja. Anasema aliipokea akiwa anahesabu magunia na akaendelea kuhesabu mpaka mwisho.

Sasa ni saa tisa alasiri. Lori la mwisho limeondoka. Wapakiaji wanampa mkono mmoja mmoja, na Kipande anamwonya asirudi na figo zote mbili. Kesho kutwa analazwa.

Anaulizwa anachotamani baada ya upasuaji. Hatamani gauni jipya, wala kuonekana na mtu.

"Mdogo wangu hana ruhusa ya kunywa maji anavyotaka," anasema. "Miaka miwili sasa anapimiwa kikombe, na kiu ikimzidi ananyonya barafu. Ameniambia siku daktari akimruhusu, anataka jagi zima, baridi, bila mtu wa kumwambia basi."

Anavua koti, analikung'uta vumbi, analitundika kwenye msumari.

"Nimeomba jambo moja tu. Wanisogeze na kitanda changu, nikae nimtazame anavyokunywa."