Jambazi Aliyesalimia Kwanza

Mtaa mzima ulimwita Kufuli, na lilikuwa jina la heshima. Ukitaka geti ambalo mwizi ataliona kwa mbali na kubadili njia, ulikwenda kwake. Ukitaka nondo za dirisha zisizopinda hata zikipigwa nyundo, ulikwenda kwake vilevile. Karakana yake ilikuwa uwanja mdogo wenye paa la mabati upande mmoja, na tangu asubuhi cheche ziliruka humo huku yeye akiwa ameinama, uso umefunikwa kwa ile barakoa nyeusi ya kuchomelea. Siku za kazi Kufuli aliwazuia wezi. Mwisho wa juma alivua barakoa, akachukua kamera, akawatengeneza.

Ndiyo, alitengeneza filamu. Na katika filamu zote za dunia alipenda aina moja tu: zile ambamo wanaume wenye miwani myeusi hukaa kuzunguka meza, wakachora ramani ya benki, kisha wakaingia, wakachukua, wakatoka, polisi wakabaki wameshika vichwa. Alikuwa kijana alipoiona ya kwanza, na jinsi moyo wake ulivyodunda siku ile hakupata kusahau. Tangu hapo alitamani jambo moja: mtu akae gizani aitazame kazi ya mikono yake, moyo umdunde vivyo hivyo.

Lakini watu walicheka. Katika filamu yake ya kwanza jambazi mkuu aliruka ukuta, naye akafika upande wa pili salama, ila suruali ilibaki juu. Katika ya pili askari alimwamuru mwizi asimame, mwizi akasimama, na askari, ambaye hakutarajia kutiiwa upesi hivyo, akasahau maneno yaliyofuata. Wakabaki wanatazamana. Ukumbini mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi, akaendelea kucheka akiwa sakafuni. Kufuli alirudi nyumbani, akalala na njaa.

Ndiyo maana ilipofika zamu ya filamu ya tatu mkewe alimwuliza waziwazi. Mama huyu alikuwa mshonaji, na alikuwa akikata kitambaa mezani wakati huo.

"Na hii wakiicheka je, baba watoto?"

"Hawataicheka."

"Sijakuuliza kama wataicheka. Nimekuuliza wakiicheka."

Kufuli alikaa kitako, akaitazama mikono yake yenye makovu ya moto. "Wakiicheka na hii, naacha. Kamera naifunga kwenye sanduku, nabaki na mageti yangu."

Mkewe aliendelea kukata. Ni kweli alikuwa amechoka kuona sebule yake ikigeuzwa benki kila baada ya muda, viti vikitolewa uani na mapazia yakishushwa. Lakini kilichomchosha zaidi ni kumwona mumewe akirudi kutoka ukumbini mabega yameshuka kama mtu aliyetoka kuzika.

"Sawa," alisema. "Umesema mwenyewe."

Safari hii Kufuli alijipanga. Hadithi ilihitaji kasha la fedha, na mtu mwingine angechukua boksi akalipaka rangi ya kijivu. Kufuli hakujua kutengeneza kitu cha uongo. Aliunganisha bati zito, akaweka bawaba za ndani na kitasa cha kweli, akapiga msasa mpaka likang'aa. Lilikuwa kasha bora kuliko mengi yaliyomo kwenye mabenki. Bunduki nazo alizichomelea kwa mabomba ya chuma, na zilipendeza machoni, ila zilikuwa nzito kiasi kwamba majambazi wake, mmoja muuza mkaa na mwingine fundi viatu, walizishika kwa dakika chache tu kisha wakaziegemeza ukutani wakipumua.

"Jambazi hapumziki," Kufuli aliwaambia.

"Jambazi gani amebeba bomba la maji?" fundi viatu alijibu akijikanda bega. "Wewe tupe za mbao, tutatisha vizuri tu."

Siku ya kupiga picha ya benki mambo mawili yaliharibika. Kinyozi aliyekuwa jambazi mkuu aliamka shavu limevimba kwa jino, akawa hawezi kusema neno likaeleweka. Kufuli akaamua kuivaa ile miwani myeusi mwenyewe. Halafu jirani aliyekuwa awe keshia akaitwa kwa dadaye aliyejifungua. Mke wa Kufuli akatazama huku na huku, akamwona mama yake mzazi, aliyekuja kuwasalimia akiwa na gauni jipya la buluu.

"Mama, kaa pale nyuma ya meza. Ni kukaa tu."

"Nikae nifanye nini?"

"Uibiwe."

Sasa, yafaa kueleza kuhusu mama huyu. Binti yake alipochumbiwa, yeye alikuwa na mwalimu mmoja akilini, mtu wa kalamu na shati jeupe. Akaletewa mtu anayenuka moshi wa chuma. Hakugombana na mtu, hakuwa na tabia hiyo. Ila tangu harusi mpaka siku ile alimwita mkwewe "fundi", na mkwewe alimwita "mama" huku akitazama chini. Walikutana, wakaulizana hali, kila mmoja akatafuta pa kwenda. Kuwekwa chumba kimoja, mmoja ameshika bunduki, lilikuwa jambo ambalo ukoo haukuwa umeliandalia utaratibu.

Maneno ya Kufuli aliyaandika mwenyewe na aliyajua kama jina lake: "Mikono juu, atakayetikisika namlipua." Alisimama nje ya mlango wa sebule akayarudia. Binti mmoja wa mtaani, fundi wa simu, aliyeshika kamera na ambaye baadaye angeunganisha vipande vya picha, akampa ishara. Kufuli akausukuma mlango kwa teke, akaingia na bunduki yake nzito, akainua macho. Mama mkwe alikuwa nyuma ya meza, amekaa wima, anamtazama.

Ulimi ukaenda ulikozoea kwenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Mikono juu."

Mama akainua mikono. Muuza mkaa na fundi viatu, waliokuwa nyuma, nao wakaona si adabu kupita bila neno, wakaamkia mmoja baada ya mwingine, na mama akawaitikia wote mikono ikiwa juu. Kisha wakaligeukia kasha. Kasha likakataa. Walivuta, wakasukuma, wakalitia mtaimbo, lakini mwenye karakana alikuwa amelitengeneza lisifunguke, na halikufunguka. Mwishowe wakalibeba zimazima, wakaliweka kwenye toroli, wakakimbia nalo barabarani kwa mwendo wa mtu anayesukuma saruji. Askari aliyewafukuza alikuwa juu ya baiskeli, na ilimbidi afunge breki mara kwa mara asije akawapita.

Binti wa simu alipokuwa akiunganisha picha kwenye kompyuta alimwuliza, "Mjomba, hizi salamu nizikate?"

Kufuli alimtazama asimwelewe. "Uzikate kwa nini? Kwani aingie tu kama mbuzi?"

Binti akaziacha salamu, akaendelea na kazi.

Filamu ikaonyeshwa Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa video, chumba kirefu chenye mabenchi na mapazia mazito madirishani. Mwenye ukumbi, mtu mnene mwenye kupenda kusimama mlangoni, alikuwa amebandika karatasi: FILAMU YA KUTISHA. Watu walijaa. Mama mkwe alikaa mbele na gauni lake la buluu, binti yake pembeni. Kufuli alisimama nyuma kabisa, mgongo ukutani.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Majambazi walipochora ramani, ukumbi ulitulia. Kufuli alipoonekana nje ya mlango wa benki, amekaza taya, mtu mmoja alinong'ona, "Leo kuna kazi." Moyo wa Kufuli ukadunda. Akafikiri, ndiyo, ndio huu.

Mlango ukapigwa teke. "Shikamoo, mama."

Kwanza palikuwa na kimya, kile cha watu wanaojiuliza kama wamesikia sawasawa. Mama wa kwenye picha alipoitikia na kumwuliza mwizi hali yake, ukumbi ukapasuka. Salamu ya muuza mkaa ilifuata, na ya fundi viatu, na kila moja ilikuwa kama kuni motoni. Watu walishikana mabega. Kisha mtu akagundua jambo ambalo Kufuli hakuwa ameliona hata mara moja: hakuna aliyemwambia mama ashushe mikono. Majambazi walishaondoka, polisi walishafika, meneja wa benki anahojiwa, na kule nyuma mama bado amekaa, mikono juu, anafuata mazungumzo kwa makini.

"Mshusheni bibi wa watu," mtu alipiga kelele, na machozi yakawatoka hata wale waliojizuia.

Kufuli alitoka nje kabla ya toroli kufika barabarani.

Mkewe alimkuta karakanani, anaifuta kamera kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto. Sanduku lilikuwa wazi miguuni pake.

"Wamecheka," alisema Kufuli.

"Nimesikia. Nilikuwemo."

"Ahadi ni ahadi."

Mkewe akajiketia juu ya geti lililolazwa chini. "Mwenye ukumbi anaitaka tena Jumamosi ijayo. Anasema atabadilisha ile karatasi aandike vichekesho. Watu wanaomba kuirudia."

"Vichekesho." Alilitamka neno lile kama kitu kichungu. "Mimi nilitaka waogope, mke wangu. Hata dakika moja."

"Najua."

Hakumwambia kwamba kuchekesha ni kipaji, ingawa wengi wangemwambia hivyo. Alimjua mumewe. Ukimpa mtu wa namna hiyo faraja ya bure, ni kumwongezea aibu. Alikaa naye tu.

Ndipo geti la karakana likagongwa. Alikuwa mama mkwe. Tangu binti yake aolewe hakuwahi kukanyaga uwanja ule wa vyuma. Aliinua pindo la gauni asiguse kutu, akaingia, na Kufuli akasimama haraka mpaka sanduku likapinduka.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Nimekufanya uchekwe na watu wote wale."

"Marahaba." Mama alitafuta pa kukaa, binti yake akampisha. "Nimetembea kutoka ukumbini mpaka hapa. Watoto wananiona wanainua mikono. Mama muuza nyanya ameinua mikono. Kila mtu anataka kunisalimia." Akalikung'uta pindo la gauni. "Tangu mzee wangu afariki, ni nani alikuwa akinisimamisha njiani?"

"Hiyo unaifuta ili uipeleke wapi?" aliuliza, akionyesha kamera kwa kidevu.

"Aliahidi kuacha, mama," binti yake alisema. "Aliniahidi mimi, wakiicheka."

"Alikuahidi wewe?"

"Mimi."

"Basi aliyepewa ahadi ndiye mwenye kuifungua. Mfungulie. Mume wako si mchekeshaji, nimemwona uso pale nyuma. Mtu aliyeshindwa kutisha ana haki ya kujaribu tena."

Mshonaji akamtazama mumewe, mabega yale aliyoyajua. "Nimekufungulia," alisema. "Lakini sebule yangu haiwi benki tena. Tafuta kwingine."

Kufuli alibaki na kitambaa mkononi. Kisha, polepole, akamgeukia mama mkwe, na kwa mara ya kwanza hakutazama chini.

"Ninayo hadithi," alisema. "Mkuu wa polisi. Mkali, haogopi kitu. Anawavamia majambazi mafichoni mwao. Nilikuwa natafuta mtu."

"Mkuu wa polisi ndiye mimi?"

"Ukikubali, mama. Na safari hii ni ya kutisha kwelikweli. Jambo moja tu: unapofika mafichoni usibishe hodi. Unaingia kwa kishindo."

Mama mkwe akamkazia macho. "Niingie nyumba ya watu bila hodi? Mwanangu, mimi sikulelewa hivyo, hata kama ni ya wezi."

Kufuli alitembea mpaka kwenye rundo la nondo akarudi. Alijikuna kichwa. Alilipima jambo lile kwa uzito wote, kama anavyopima geti kabla ya kulisimamisha.

"Basi," alisema mwishowe, "utabisha. Lakini bisha kwa ukali."