Ndugu Yangu Hataki Kuwa Mgeni

Mtu akiniuliza ndugu yangu Ahmednoor ni mtu wa namna gani, namwambia aliendesha basi la namba kumi na moja. Mwenyeji wa Birmingham ataelewa papo hapo. Enzi hizo basi hilo liliuzunguka mji mzima, linatoka hapa linarudi hapa hapa, kama ngamia aliyefungwa kwenye kinu cha ufuta. Watu wanapanda, watu wanashuka, yeye anazunguka. Siku aliyorudisha yunifomu alikuja kwangu Winson Green, akavua viatu, akasema, "Abayo, maisha yangu yote nimepinda kushoto. Sasa nataka kwenda moja kwa moja."

Abayo ni dada, kwa lugha yetu. Nilimpa chai nikidhani ni uchovu. Kumbe alikuwa anasema kweli, na mimi ndiye niliyepaswa kujua. Tulipokuwa wadogo Isiolo, mama akiwa dukani, mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na kila tulipofika njia panda alilia ashushwe.

Mke wake, Ifrah, alifariki, Mungu amrehemu. Watoto wametawanyika: Fardowsa yuko Bristol, Mubarik yuko Leicester. Wote wawili wanampigia simu kila Ijumaa: "Baba, njoo ukae kwetu." Naye anakwenda, anakaa pembeni mwa kochi kama mtu anayesubiri daktari, hagusi rimoti, hafungui friji, na baada ya siku mbili anarudi kwenye fleti yake ya Kingstanding. Fleti hiyo ni ya kaunsili, yaani serikali ya mji, ya chini, haina ngazi, ina joto, na bafuni kuna chuma cha kushikilia. Mimi ndiye niliyekaa naye kwenye viti vya ofisi zao mpaka akaipata. Mzee wa umri wake, peke yake, akiirudisha hiyo fleti leo hatapata nyingine. Atawekwa nyuma ya kila mama mwenye mtoto mchanga, na ni haki yao.

Basi mwaka juzi, majira ya majani kuanguka, akaniambia anairudisha.

"Unakwenda kwa Fardowsa?" nikamuuliza kwa furaha.

"Nanunua motahomu."

Kama hujui, motahomu ni gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, na Waingereza waliostaafu huenda nalo pwani wakati wa kiangazi. Lakini wao wana nyumba za kurudi. Ndugu yangu alitaka kuishi humo, masika na kipupwe, akitoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule.

"Kwani watoto wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nikienda na nyumba yangu, nikaegesha nje ya mlango wao, nikalala kitandani mwangu, nani atanipa jembe?"

Methali ile nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilisoma mpaka darasa la saba kwa mwalimu Mmeru aliyekuwa akituchapa kwa kila methali tuliyoisahau. Sikujua kwamba ipo siku itatumika kunipigia.

Gari lenyewe alilipata kwenye simu. Halikuwa jipya, limepita mikono miwili mitatu. Muuzaji alikuwa Kalasinga wa Handsworth Wood, jina lake Gurnam, fundi seremala aliyestaafu. Ahmednoor akaenda peke yake asubuhi, akarudi magharibi ananukia tangawizi.

"Umelikagua?"

"Injini kama saa, abayo. Nimelala chini yake, nimetazama breki, magurudumu, kila kitu. Na ukaguzi wa emoti umepita."

"Na nyumba?"

"Nyumba gani?"

"Hiyo utakayolala! Emoti inapima taa na breki. Haipimi kama dari inavuja. Ulitazama dari?"

Akakuna kidevu. "Tulikuwa tunazungumza. Yeye mtu wa Nakuru. Abayo, anaongea Kiswahili cha karakana, kile chenyewe, na mkewe Narinder akaleta chapati za moto, na achari, na chai..."

"Ukala?"

"Ningekataaje?"

"Na gari?"

"Nimempa neno langu. Jumatatu nampelekea pesa, nikitoka hapo napitia ofisi ya kaunsili kutoa notisi."

Nilishika kichwa. Msomaji wangu, kama hukulelewa kwetu utasema shida iko wapi, si arudi tu akakague. Hapana. Mtu akikukaribisha kwake, akakulisha kwa mkono wa mkewe, huwezi kusimama uani kwake ukamwambia kitu chake ni kibovu. Umekula chumvi yake. Kwetu ni hivyo na kwa watu wa Gurnam ni hivyo, na desturi hiyo wote wawili wameitoa Kenya wakaileta mpaka huku kwenye baridi. Mwingereza angekunywa chai yake na bado akalipiga gari mateke.

Nikaamua kwenda mwenyewe, Ahmednoor akanisindikiza. Nikachagua Alhamisi makusudi, siku ya funga ya suna, nikafunga kweli, maana mimi sisemi uongo kwa ajili ya gari. Narinder alipoleta sinia nikamwambia, "Samahani dada, nimefunga." Tumbo langu lilikuwa halina deni na ulimi wangu ulikuwa huru.

Gari lilikuwa jeupe, kubwa kama duka la kona. Nikapanda. Harufu ya kwanza iliyonipokea ni ya maua ya kopo, yale ya kupuliza, na mtu hapulizi maua mahali pasiponuka kitu kingine. Kitanda kilikuwa juu ya kichwa cha dereva, cha kupandia kingazi. Mtu ana magoti mabovu! Choo chake kina sanduku chini, likijaa unalibeba mwenyewe mkononi kwenda kulimwaga, kama mtu aliyebeba birika la harusi. Haya yote niliyameza. Kisha nikaona pembeni mwa kitanda karatasi ya ukutani yenye michoro ya majani, na kipande kimoja majani yake ni mapya kidogo kuliko mengine. Nikaweka kidole gumba. Kikazama. Kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai.

Nikageuka kumtazama Ahmednoor. Alikuwa amekiona kidole changu. Akatazama dari.

"Umeona?" nikamnong'oneza.

"Usiseme."

"Nisiseme?"

"Abayo, nakuomba. Nimekula kwake."

Nje, Gurnam alikuwa ameinama, anatazama gurudumu ambalo halikuwa na shida yoyote. "Mama, iko sawa?" akauliza bila kuinua macho.

Ulimi wangu ulikuwa huru, nimekwisha kuwaambia. Lakini Narinder alikuwa amesimama mlangoni na ile sinia, chapati zimefunikwa kitambaa cheupe, ananitazama kwa wasiwasi wa mwanamke anayetaka mgeni aridhike. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mlango wake ni mzuri."

Ndani ya basi la kurudi nilimchambua ndugu yangu kama mchele.

"Utalala ndani ya ukuta uliooza?"

"Nitaziba."

"Utaziba na nini, na aibu yako? Januari utaniita kwa sauti ya kikohozi, na fleti yako itakuwa na mtu mwingine!"

"Sasa nimwambie nini? Amenilisha, abayo."

"Na mimi nimekulisha miaka mingapi? Mbona mimi unanikatalia?"

Abiria wa mbele aligeuka. Nikamwambia asitazame, ni mambo ya familia. Kwa Kiswahili. Akageuka haraka mbele.

Usiku ule, wakati wa kufuturu, nilitafuna tende nikitafuna na hasira. Mtu aliyekula amefungwa. Vizuri. Lakini kwani ni Ahmednoor peke yake mwenye mdomo? Nikachukua simu.

"Narinder, dada yangu, mimi ni Rukiya, dada yake Ahmednoor. Leo nilikuwa nimefunga, sikuonja chapati zako. Nimeona aibu. Jumapili njooni wewe na mzee mle kwangu."

"Eh, mama, usijisumbue!"

"Si usumbufu."

Nyama yetu ya kuchinjwa Makalasinga wengi hawaili, kwa hiyo nilipika maharagwe ya nazi, mchicha, wali wa bizari na chapati. Ahmednoor alifika mapema, akaona sufuria, akaniuliza nimepanga nini. Nikamwambia nimepanga chakula cha mchana. Akaniapisha nisitaje gari. Nikaapa, na kiapo changu nilikitimiza.

Wakaja, kilemba cha bluu na mtandio wa waridi. Wakakaa. Tukaongea Nakuru, tukaongea Isiolo, vumbi la Isiolo na baridi ya Nakuru, tukamteta kila daktari wa Birmingham anayesema magoti yetu ni uzee tu. Gurnam alipiga chapati ya kwanza, akapiga ya pili. Nikamwongezea maharagwe. Akasema yamemkumbusha jirani yao wa zamani. Nikamwongezea tena. Kila nilipoongeza, uso wake ulizidi kuinama.

Ndipo Narinder akamwambia neno kwa Kipunjabi, neno moja fupi, bila kumtazama. Sikijui Kipunjabi, lakini mimi nimekuwa mke wa mtu, neno lile nalijua kwa kila lugha.

Gurnam akaweka chini kipande cha chapati.

"Ahmed. Ile ukuta iko mbaya."

Ahmednoor akawa kama hakusikia. "Ukuta gani, mzee?"

"Wewe unajua. Mama anajua, kidole yake imeacha shimo. Maji iliingia baridi ya mwaka jana, mimi nikaweka karatasi. Nilifikiri atakuja mtu wa simu tu, atachukua, ataenda. Halafu ukakuja wewe, unaongea kama watu yetu. Ukakula. Mimi ningesema namna gani? Na sasa mimi nakula hapa." Akaigeuza sahani kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka. "Hii gari siuzi kwako. Samahani."

Nikamwambia, "Kula, ndugu yangu, yanapoa." Moyoni nilikuwa napiga vigelegele. Fleti imepona! Jumatatu ofisi ya kaunsili itakaa bila Ahmednoor.

Nikamtazama ndugu yangu nione huzuni yake, nimpoze. Huzuni gani! Macho yalikuwa yanawaka.

"Mzee," akasema, "huo ukuta, ukiuvunja wote, ukaweka mbao mpya, unaweza?"

"Mimi?" Gurnam akainuka kitini nusu. "Mimi nimefanya hii kazi tangu kijana! Nilikosa tu mtu ya kushika ubao upande ya pili. Macho imechoka, na peke yangu nikaona uvivu."

"Mimi nitashika."

"Baridi yote itaisha tukiwa pale."

"Mimi nimestaafu, mzee. Ninazo baridi ngapi?"

Wakashikana mikono juu ya maharagwe yangu. Niliyoyapika mimi. Narinder akanitazama, mimi nikamtazama, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Kipupwe chote waliufumua ule ukuta uani Handsworth Wood, chini ya turubai. Narinder alinipigia simu kila jioni kunisomea mashtaka. "Dada, leo wametoa dari." "Dada, wameleta mbao ndani kwangu, ziko kwa korido zinakauka." "Dada, wanagombana juu ya msumari kama watoto ya nasari." Ahmednoor alirudi Kingstanding kila usiku, akalala kwenye joto lake, na mimi nikaanza kutumaini kwamba ataizoea kazi na kusahau safari.

Hakusahau. Maua yalipochanua aliniita niende na kidole changu. Nikakandamiza kila pembe, ukutani, darini, nyuma ya kabati, chini ya dirisha. Kila mahali palikuwa pagumu kama meza ya shule. Kitanda kile cha juu wamekigeuza rafu ya mablanketi, kingine wamekitengeneza chini, cha urefu wa goti la mzee. Nilitafuta mahali pa kulalamikia, nikabaki na sanduku la choo tu.

"Haya," akasema Ahmednoor, akamlipa Gurnam, na siku ile ile akatoa notisi ya fleti. Sikula chakula cha usiku.

Siku ya kuondoka, nikidhani yuko njiani kwenda Bristol, nikasikia honi. Lile dubwana lilikuwa limeegeshwa nje ya mlango wangu, mtaa wenyewe mwembamba, limeziba nafasi ya majirani wawili.

"Si unakwenda moja kwa moja?" nikamwambia.

"Nimeanza na wewe. Wewe ndiye mkubwa."

Nikamwambia aingie ndani, kuna chumba. Akakataa, ana kwake. Asubuhi yeye ndiye aliyenigongea, akanikaribisha kwake, akanikalisha kwenye kiti kilichofungwa sakafuni, akanimiminia chai. Ilikuwa chai nzuri, na hilo liliniudhi zaidi. Kesho yake vile vile. Majirani wakaanza kuniuliza kwa upole wa Kiingereza, ule wenye meno, je, gari hili ni la nani.

Siku ya tatu nikaenda uani nyuma, nikachukua jembe, nikagonga dirisha lake.

Akafungua pazia. "Nini hii, abayo?"

"Wewe unajua ni nini."

Akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikakisikiliza kile kikohozi vizuri, kilikuwa cha kicheko tu. Akashuka, akanilimia tuta lote la sukuma wiki, akang'oa na magugu ambayo sikumwambia. Alipomaliza akaliosha jembe, akanirudishia, akanibusu kichwani, akawasha gari.

Nilisimama mlangoni kumtazama, kwa sababu lazima mtu amtazame. Mtaa wangu mwisho wake ni ukuta wa jela. Moja kwa moja hakuna. Akafika mwisho, akasimama kidogo, taa ikawaka.

Akapinda kushoto.