Hekta Kumi na Nne za Dauto

Pale Mute, kando ya barabara iendayo Palma, hakuna aliyekuwa na ardhi nyingi kama Dauto, na hakuna aliyevuna kidogo kama yeye. Marehemu baba yake alimwachia eneo lililoanzia barabarani likashuka mpaka bonde la mpunga, hekta kumi na nne kwa hesabu yake mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyewahi kuzipima. Kila asubuhi alivaa kanzu, akashika bakora, akalizunguka. Alirudi amechoka kweli, kama mtu aliyelima.

Aliyelima ni mkewe, Chamima. Alikuwa na kipande nyuma ya nyumba, nusu hekta hivi, chenye mhogo, njugu mawe na mbaazi. Humo ndimo kilimotoka chakula cha nyumba nzima. Dauto alikiita kibustani cha Mama Yasmin, na akakila.

Kwingine aliwagawia watu. Hakutaka kodi, alitaka kuamkiwa. Catarina, mjane aliyeshuka na wanawe wanne kutoka uwanda wa juu, aliomba pa kupanda ufuta, akapewa. Mussagy, mvuvi aliyechoshwa na bahari, akapewa bondeni. Wakafika saba. Kila mmoja alipokuja kuomba, Dauto alisubiri baraza lijae, kisha akasema kwa sauti ya kufika msikitini, "Lima, ndugu yangu. Lima kama kwako."

"Baba Yasmin," Chamima alimwambia siku moja, "wewe una udongo, wenzako wana mavuno."

Akamjibu kwamba macho ya mwanamke hayavuki mpini wa jembe.

Miaka ikapita kumi na ushei. Vita vikawakimbiza wote, wakarudi. Wale saba walirudi na mapanga, wakafyeka vichaka vilivyoota. Dauto alirudi na bakora.

Halafu ikaja habari kwamba ardhi itaandikishwa, na kila mtu atapata duat, yaani karatasi ya haki ya kuitumia. Wengine waliingiwa na hofu. Dauto aliona siku yake imefika. Akapanda pikipiki mpaka Palma, akamsihi mtekiniku wa ardhi, mpimaji kijana aitwaye Hélio, aanzie Mute. Siku alipokuja, kuku wawili wa Chamima walichinjwa.

Watu walipokusanyika, Dauto akanyoosha mkono. "Senyor Hélio, andika. Toka barabarani mpaka bondeni, jina moja tu."

"Ardhi ni ya dola, mzee," akasema Hélio, akijifuta mafuta ya kuku midomoni. "Mimi naandika haki ya anayeitumia. Hapa penye ufuta analima nani?"

"Mimi," akasema Catarina.

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa kumi na mbili."

"Ulipewa au uliazimwa?"

Catarina akamtazama Dauto, kisha akautazama ufuta wake. "Aliniambia nilime kama kwangu. Siku ya kurudisha hakuitaja."

"Kuna waliosikia?"

Mute nzima ilikuwa imesikia. Dauto mwenyewe ndiye aliyehakikisha hivyo.

Wakapita kipande kwa kipande, na kila kipande kikawa na mwenyewe, na kila mwenyewe akawa na mashahidi. Kichaka cha katikati, ambacho hakijawahi kuonja jembe, Hélio akakiandika cha kijiji, watu wakate kuni. Jua lilikuwa utosini walipofika nyuma ya nyumba. Dauto akapata pumzi kidogo.

"Hapa ni kwangu," akasema.

"Umepanda nini pale pembeni?"

Dauto akapaangalia kwa muda. "Kunde."

"Njugu mawe," akasema Chamima taratibu.

Hélio akaandika: Chamima.

Siku tatu Dauto hakuvaa kanzu. Hasira zake zilitafuta mtu wa kumwangukia, na kila zilipotafuta zilirudi kwenye kinywa chake mwenyewe. Siku ya nne akaenda kwa Catarina kuomba walau nusu hekta. Mama yule, aliyezoea kumwamkia kwa kupiga magoti, safari hii alimjibu akiwa amekaa.

"Mzee Dauto, hapa ni hekta moja na nusu, na wanangu ni wanne. Nikikukatia wewe, wao niwakatie nini?"

Alikuwa na haki. Wiki hiyohiyo Januário, mkimbizi kutoka kusini, alimwomba Catarina kona ya kupanda mhogo. Akamkubalia, lakini mbele ya mashahidi, na kwa sharti kwamba akivuna tu aondoke. Watu hujifunza upesi.

Dauto akarudi nyumbani, akamkuta mkewe anapalilia.

"Mama Yasmin, sasa mimi nifanye nini?"

Chamima hakumcheka. Alimwonyesha jembe la pili, lililoegemea ukuta. Dauto akalima tuta moja, viganja vikatoka malengelenge. Chamima akalitazama lile tuta, akamfuata nyuma akilinyoosha. Kesho yake akalima mawili, na yale hayakuhitaji kunyooshwa sana.

Kabla mvua hazijakatika walikuwa wamepanda mpaka ukingoni mwa ufuta wa Catarina, na hapakubaki hata pa kuchomeka mche mmoja wa mhogo. Dauto akasimama na jembe begani, akatazama huku na huku.

"Kumbe padogo hivi," akasema.

"Siku zote palikuwa padogo," akasema Chamima, akaendelea kupalilia.