Siku Niliposema Sawa

Ndugu zangu mliolala humu, mimi si mgeni wa wodi hii. Kitanda kile cha tatu kutoka mlangoni kilikuwa changu kwa miezi saba. Dresa, huyu msaidizi wa daktari, ameniomba niseme nanyi wakati mnangoja sindano zenu, nami nimekubali. Ila mnivumilie, maana mimi kuchonga mizinga naweza, kupanga maneno sikufundishwa.

Naitwa Mkumbo. Kwetu ni upande wa Ikungi, lakini kazi yangu ilikuwa huku kwenye vichaka vya Itigi, kutundika mizinga. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa pupa, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa kuwa kwetu linajulikana. Mrina asali mwenye akili akishatundika mzinga huenda zake, akarudi msimu ukifika. Mimi nilikuwa natundika leo, siku ya nne nimeshapanda tena mtini, nafunua kifuniko nichungulie kama nyuki wamejenga. Nyuki hawapendi kuchunguliwa. Walinihama mzinga mmoja baada ya mwingine.

Mke wangu Salima alikuwa akinicheka. "Baba Mwajuma, wewe ukipanda mtama jioni, asubuhi unaufukua uone kama umeota."

Mwajuma alikuwa binti yetu, mtoto pekee tuliyekuwa naye wakati ule. Nikirudi kutoka porini alinishika mkono, akanilamba vidole kimoja kimoja akitafuta asali. Hata kama sikurina kitu, alilamba tu.

Basi, mbung'o aliniuma shingoni nikiwa juu ya mti, mikono yote miwili imeshika mzinga. Mbung'o huuma kama sindano ya moto, ninyi mnajua. Pale alipouma pakavimba jipu lisilo na usaha. Baada ya siku kadhaa homa ikaja, ikaondoka, ikaja tena. Tezi za shingo zikavimba. Kichwa kiliniuma hata nikawa nakifunga kwa kitambaa tangu asubuhi hadi jioni. Nilikunywa mizizi, nikachanjwa, nikafukizwa. Mwili ulikonda, na mchana nikaanza kusinzia jembe likiwa mkononi. Na uanaume wangu ukaniacha. Nalisema hili kwa sababu najua humu wapo wanaoona haya kulisema.

Mjomba wangu ndiye aliyekata shauri. Alikuwa amesikia kwamba hapa kuna daktari Mhindi anayetibu malale, huu ugonjwa wetu wa usingizi. Akasema, "Mpelekeni. Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Wakanibeba kwenye kitanda cha kamba siku tatu mpaka hapa. Salima alifuatana nami ili anipikie, na Mwajuma akabaki kwa bibi yake.

Daktari huyo tulimwita Bwana Trivedi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani, asiyekula nyama wala yai. Alinitoa damu, akaitazama kwa darubini, akasema, "Wadudu wamo. Leo tunaanza."

Mnaweza kukisia nilivyomsumbua. Kila asubuhi, kabla hata ya kumwamkia, nilimuuliza, "Bwana, nitapona?" Kila asubuhi alinijibu vilevile: "Kazi yangu ni sindano, Mkumbo. Kupona hakumo mkononi mwangu." Jibu hilo lilinikera sana. Siku moja nikamwambia, "Kama kupona hukujui, unanichoma kwa nini?"

Hakukasirika. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu. Akasema kwamba katika dini yao wazee wanafundisha hivi: mtu afanye kazi yake kwa nguvu zote, asiache hata kidogo, lakini moyo wake usining'inie kwenye matunda ya kazi hiyo. Yakija, yamekuja. Yasipokuja, kazi bado ilikuwa yake. Nikamwambia habari za mizinga yangu na kule kuchungulia. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Basi unaelewa kuliko mimi," akasema. "Tundika mzinga, shuka mtini."

Siku ile ile akaniletea fungu la katani, nisokote kamba za vitanda vya wodi. Kila mgonjwa aliyeweza kukaa alipewa kazi. Mimi sala zangu sikuziacha, wala yeye hakuniambia nifuate dini yake. Lakini maneno yake yaliniingia. Nikawa nasokota, na nikijikuta nataka kuuliza habari ya kupona, naurudisha mkono kwenye kamba.

Hapo ndipo nilipopotea.

Zilipita wiki kadhaa. Habari ikaja kwamba Mwajuma ana homa, Salima akaenda nyumbani. Alipokuwa huko mimi nikawa mtulivu. Sikumuuliza daktari kitu tena. Sikuhesabu siku. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikufa, akafunikwa shuka, nami niliendelea kutazama ukuta. Nilisinzia na tonge mdomoni, nikaamka limekauka. Nilijikojolea na sikuona aibu. Moyoni nikajisemea: Mkumbo, umefika. Lile alilokuwa akisema Bwana Trivedi ndilo hili.

Salima akarudi. Alisimama pale mlangoni, vumbi mpaka magotini, akaja akapiga magoti kando yangu. Akaniambia moto wa porini umeteketeza mizinga yangu yote. Nikasema, "Sawa." Akaniambia jambo la pili, nalo nikasema, "Sawa." Kisha nikamuomba uji. Hilo la pili nitawaambia, lakini kwa zamu yake, kwa kuwa siku ile sikulisikia.

Salima alinitazama, akainuka, akatoka. Daktari alipoingia nilijitahidi kukaa, maana nilitaka kujisifu.

"Bwana, nimefika. Sishiki kitu tena. Mizinga imeungua na moyo haukushtuka."

Nilidhani atafurahi. Alitazama miguuni pangu, akauliza, "Kamba iko wapi?"

"Nimeiachilia."

Lile fungu la katani lilikuwa chini ya kitanda, halijaguswa siku nyingi, panya wameanza kuzaa humo. Akanishika kidevu, akanitazama machoni. Akaniambia ninyooshe mkono, nao ukatetemeka. Salima alimwita mlangoni wakasema kwa sauti ndogo. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mkumbo, nisikilize. Nilikuambia uachie matunda. Sikukuambia uachie jembe. Huu si utulivu. Haya ni malale, yamepanda kichwani."

Alinikunja magoti kifuani, akanichoma uti wa mgongo, akatoa maji, na wadudu wakaonekana humo. Akasema iko dawa moja kali. Inaweza kuniokoa, na inaweza kuniondolea macho. Aliniuliza nataka nini. Mimi nikasema, "Vyovyote."

Salima akasema, "Mchome. Kipofu nitamwongoza. Huyu aliyelala hapa sijui nimwongoze wapi."

Tangu siku hiyo aliniwekea kamba mikononi kila niliposinzia. Nikiidondosha, anairudisha. Nikimtukana, anairudisha. Sindano zilikuwa kumi na mbili, moja kila wiki. Nilitapika nyongo. Baada ya sindano ya saba ukungu ukaingia machoni, daktari akasimamisha dawa, akangoja, kisha akaendelea kwa kipimo kidogo. Wiki hizo nilisokota kwa kupapasa. Usingizi wa mchana ukaanza kupungua, lakini moyo bado ulikuwa mkavu kama gome.

Siku ya sindano ya kumi na moja tulipanga foleni barazani, mimi nikiwa wa kwanza. Mtu alikuja kutoka stesheni akampa Bwana Trivedi karatasi ya simu. Akaisoma akiwa amesimama. Mama yake alikuwa amefariki, huko kwao Bara Hindi, na alikwisha kuchomwa moto kwa desturi yao kabla karatasi haijafika. Aliikunja akaitia mfukoni. Akanawa mikono, akachukua bomba la sindano, akanifunga kamba mkononi kutafuta mshipa.

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Tone moja liliniangukia kwenye mkono. Mkono wake haukutetemeka, na mshipa aliupata mara moja.

Nikamuuliza, "Bwana, huumii?"

"Naumia sana, Mkumbo," akasema. "Lakini mkono wako uko hapa."

Aliwachoma wote waliokuwa kwenye foleni. Alipomaliza ndipo alipoingia ndani na kufunga mlango wake.

Mimi nilibaki barazani nikilitazama lile tone. Kumbe mtu anaweza kuachia na bado akalia. Kumbe yeye hakuwa amepoteza kitu ndani. Alikuwa nacho chote, na kazi akaifanya. Mimi ndiye niliyekuwa nimeibiwa. Ghafla nikakumbuka vidole vyangu vikilambwa. Nikamgeukia Salima.

"Mama Mwajuma, mtoto hajambo?"

Aliweka sufuria chini.

"Nilikuambia," akasema. "Nilipiga magoti hapo kitandani pako nikakuambia tumemzika. Ukasema sawa. Ukaomba uji."

Ndugu zangu, nililia mpaka wagonjwa wakatoka nje kutazama. Nililia siku ile na kesho yake. Salima, ambaye alikuwa ameubeba msiba ule peke yake wiki zote hizo, akanipikia na kunirudishia kamba mikononi, alikaa chini tukalia pamoja. Jioni Bwana Trivedi alitukuta hivyo. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu. Hakutuambia tunyamaze. Alisema tu, "Sasa unapona." Ni siku hiyo peke yake aliyowahi kuniambia hivyo.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai. Namshukuru Bwana Trivedi, ambaye amehamishiwa mbali na sijui kama yu mzima. Salima sina maneno ya kumshukuru. Nyumbani tuna watoto wengine wawili sasa, na mimi ndiye ninayeteka maji.

Ushauri wangu ni mdogo. Msikimbie sindano. Mkipewa kazi ya mikono, ifanyeni, hata ikiwa mbovu. Kama utapona au hutapona, usichungulie kila asubuhi. Lakini ukiona moyo umetulia mno, ukiona mwenzako analia nawe unaomba uji, usijisifu kwamba umekomaa. Mwite daktari upesi.

Kila mwaka natundika mzinga mmoja kwenye mti ulio karibu na kaburi la Mwajuma. Nautundika, nashuka, naondoka. Asali yake huliwa na watoto wa majirani.

Jicho langu la kushoto lilikufa kwa ile dawa. Halioni, lakini linalia kama mwenzake, mnavyoliona sasa. Dresa, tafadhali, usinipe kitambaa. Machozi haya niliyatafuta kwa sindano kumi na mbili.