Tulitazama, Hatukuona Kitu

Kuna Alhamisi moja ya mwezi wa Januari ambayo bado naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa kiangazi. Upepo ulikuwa umevuma tangu saa sita mchana kutoka upande wa Kariandusi, na ule udongo mweupe wa machimbo, laini kama unga wa ngano, ulikuwa umeingia kila mahali: kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo za maziwa, hadi kwenye nyusi za watu. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Nilifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari karibu na Gilgil, na nilijiona mtu anayejua mambo. Nakwambia umri wangu mapema ili usije ukanionea huruma ukidhani nilikuwa mtoto.

Jioni zangu nyingi nilizimalizia kwa Mzee Njoroge. Huyu alikuwa mpima ardhi mstaafu, aliyetumia maisha yake kugawa yale mashamba makubwa ya walowezi vipande vipande kwa watu walionunua hisa, ekari mbili hapa, ekari tano pale. Walipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe wa gredi. Yeye akanunua darubini. Mkewe alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba ng'ombe angalau angetoa maziwa. Mzee aliijengea kibanda cha mabati juu ya kilima nyuma ya nyumba, paa lake likisukumwa kwa magurudumu. Mimi nilileta kamera na kompyuta, yeye akaleta subira, na kwa miezi kadhaa tulifaana sana.

Wacha nikueleze kazi yetu, maana wengi hunisikiliza kwa adabu tu huku wakiwaza chakula. Huko mbali sana, mbali kuliko nyota yoyote unayoiona kwa macho, nyota kubwa ikifa wakati mwingine hurusha mmweko wa miale ya gama. Mmweko wenyewe unaweza kuwa wa sekunde chache, na hewa yetu haiupitishi, kwa hiyo setilaiti ndiyo huunasa. Ikishaunasa hutuma habari duniani kwamba umetokea sehemu fulani ya anga. Hapo watu wa nchi nyingi, wenye darubini kubwa na ndogo, huacha walichokuwa wakifanya na kugeukia sehemu ile, kwa sababu mmweko huacha nyuma yake mwanga hafifu unaozidi kufifia saa baada ya saa. Ukiwahiwa mapema, darubini kubwa inaweza kuuchambua mwanga ule na kujua umetoka umbali gani. Ukichelewa, umekwenda na hautarudi.

Watu wa kazi hii wana desturi moja ambayo niliipenda tangu mwanzo. Hata usipoona kitu, unatuma ripoti. Unaandika kwamba tulitazama, hatukuona kitu, na kama kungekuwa na nyota yenye mwanga wa kiasi fulani, tungeiona. Kile kiasi ndicho kiini cha ripoti, kwa sababu bila hicho hujasema lolote; hata kipofu anaweza kuandika kwamba hakuona. Kiasi chenyewe huandikwa kwa namba, na namba zetu huenda kinyume: namba ikiwa kubwa, mwanga ni hafifu zaidi. Na namba hiyo huipati kichwani. Unaipata kwa kuipima kwenye picha yako ya usiku huohuo, ukilinganisha nyota moja moja na orodha ya nyota zinazojulikana. Kwa kompyuta yetu ya wakati ule, hiyo ilikuwa kazi ya karibu saa nzima.

Alhamisi hiyo Mzee Njoroge alikuwa amekwenda Nakuru kumwona daktari wa macho, akalala kwa binti yake huko mtaa wa Kiamunyi. Nilikuwa peke yangu kilimani. Saa moja na robo jioni simu yangu ikalia, ujumbe ukaingia, nao ulikuwa na sehemu ya anga iliyokuwa imeshapanda vizuri mashariki mwetu. Magharibi, upande wa Eburru, bado kulikuwa na weupe kidogo wa jua lililozama, lakini nilisukuma paa, nikaelekeza darubini, nikapiga picha moja baada ya nyingine. Niliangalia pale palipotajwa. Hapakuwa na kitu.

Tulikuwa tumekubaliwa kwenye orodha ya kupokea habari hizo miezi minne tu kabla ya hapo, na katika miezi hiyo yote tulikuwa tumechelewa kila mara. Safari hii niliona ninaweza kuwa wa kwanza duniani kutuma ripoti. Wa kwanza, kutoka Gilgil! Saa nzima ya kupima nyota ilionekana ndefu sana. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimepima nikapata kumi na tisa. Kioo cha darubini kilikuwa kilekile, kamera ileile, nami nilikuwa yuleyule. Nikaandika kumi na tisa. Nikaweka jina langu na jina la Mzee Njoroge, nikatuma, nikafunga paa na kuteremka nikiimba.

Asubuhi, saa ya chai, niliingia ofisi ya walimu kusoma barua zangu kwenye kompyuta ya shule. Nilitegemea pongezi. Nikakuta mtu mmoja wa India, anayefanya kazi peke yake na darubini ndogo kama yetu, amechelewa kutuma ripoti hadi usiku wa manane kwa sababu umeme ulikuwa umempotea. Alisema aliona mwanga mpya pale pale, dakika zilezile nilizotazama mimi, kiasi cha kumi na nane. Kumi na nane ni mwanga mkali kuliko kumi na tisa. Kama alichosema ni kweli, nami ningeuona.

Chini ya ripoti yake kulikuwa na maswali ya watu, ya heshima lakini yenye mashaka. Walimwambia Kenya haikuona kitu mpaka kumi na tisa, aangalie tena, labda ni doa la kamera. Kulikuwa na darubini kubwa ng'ambo ya Atlantiki, ambako usiku uliingia saa nyingi baada ya kwetu. Wenyewe waliandika kwamba kwa ripoti ya Kenya hawakuona faida ya kuhangaika, wakageukia kazi nyingine. Barua ya mwisho ilikuwa ya yule mtu wa India. Alisema huenda amekosea, kwamba ataitazama picha yake mara moja zaidi, na ikifika jioni ataifuta ripoti yake.

Sitakudanganya: jambo la kwanza nililofikiri halikuwa kwamba nimekosea. Nilifikiri, huyu amevurugwa na umeme wake. Saa ya chakula cha mchana nilipanda kilimani, si kutubu, bali kutafuta mtu wa kunitetea.

Mzee Njoroge alikuwa amesharudi, yuko ndani ya kibanda na tochi mkononi. Nikamsimulia.

"Nimekuja tuone tutamjibu aje," nikamaliza.

"Hiyo kumi na tisa uliitoa wapi?"

"Ni ile ya wiki iliyopita, Mzee. Kioo ni kile kile."

Aliinama akakimulika kile kioo kwa ubavu. Kilikuwa cheupe. Ule udongo wa Kariandusi ulikuwa umekifunika chote, sawasawa, kama unga uliochungwa juu ya sinia.

"Jana ulipima?"

Nikaanza kumweleza habari za kuwahi, na orodha, na jinsi tulivyochelewa mara nyingi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwalimu, sijakuuliza hayo. Ulipima ama hukupima?"

"Sikupima."

Tukakaa mbele ya kompyuta, tukaipima ile picha ya jana, nyota moja baada ya nyingine. Nyota hafifu kabisa tuliyoweza kuiona ilikuwa kumi na saba. Ile ya kumi na nane, picha yetu isingeionyesha hata zingekuwepo kumi. Yule mtu wa India hakuwa na kosa lolote.

Nilitegemea Mzee anigombeze, na ningependa angenigombeza. Badala yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akafuta miwani yake kwa shati.

"Bikoni unazijua? Zile za kuonyesha mpaka wa shamba?"

"Nazijua."

"Tulikuwa tunagawa shamba moja. Siku ya mwisho, imebaki bikoni moja. Mvua inakuja, dereva wa ofisi anapiga honi. Nikaangalia hivi kwa macho, nikasema inaingia hapa. Nikaipiga. Kwa kitabu nikaandika nimepima." Akavaa miwani. "Sasa sikia. Mahali hakuna bikoni, watu wanauliza. Wanaita mpima. Lakini mahali iko, nani atauliza? Wanajenga. Huyu alijenga jikoni, yule akachimba kisima. Miaka sita baadaye ndio wakajua mpaka umeingia kwa mwingine. Hao watu walinunua hisa siku moja, wakasimama laini moja. Walikufa hawasalimiani."

"Hukurudi kuirekebisha?"

"Sikurudi. Nikipita hiyo barabara nilikuwa naangalia upande ule mwingine."

Nilikuwa nimemfahamu mzee huyu kwa miaka mitatu, mtu asiyeandika namba bila kuipima mara mbili, na nilikuwa nikidhani alizaliwa hivyo.

"Huyo wako wa India," akasema, "anataka kung'oa bikoni ya kweli kwa sababu ya yako ya uongo. Na bado hajaing'oa. Saa ngapi sasa?"

"Saba na nusu."

"Basi andika."

"Jina lako pia liko pale, Mzee. Wanaweza kututoa kwa orodha."

"Watutoe."

Nikaandika. Nilipofika mahali pa kueleza sababu, niliweka sentensi nzuri sana kuhusu upepo, na kiangazi, na vumbi la machimbo. Mzee aliisoma juu ya bega langu.

"Futa hiyo. Vumbi halikuandika ripoti."

Ikabaki fupi. Tulisema kwamba namba tuliyotuma jana hatukuipima. Tulisema kwamba leo tumeipima na ni kumi na saba, na kwamba picha yetu haipingani hata kidogo na ya mwenzetu wa India. Nilikaa mbele ya kitufe cha kutuma kwa muda ambao naona haya kuutaja. Nilifikiria wanafunzi wangu, na mwalimu mkuu niliyekuwa nimeshamtangazia asubuhi hiyo kwamba sisi ni wa kwanza duniani. Halafu nikafikiria mtu mmoja, nisiyemjua sura, aliyekaa mbele ya picha yake sahihi akiitafutia kosa. Nikabonyeza.

Alijibu baada ya nusu saa. Alishukuru, na akasema barua ya kuifuta ripoti yake alikuwa ameshaianza. Nililia pale pale, mwanangu, na Mzee akatoka nje kwa adabu akajifanya anakagua magurudumu ya paa.

Usiku huo ile darubini kubwa iligeuka ikatazama. Walikiona kitu, kidogo kabisa, mahali palepale alipokuwa amesema, na heshima ya yule mtu ikarudi yote. Lakini kilikuwa kimefifia mno kuweza kuchambuliwa. Usiku wa kwanza ungetosha. Wa pili haukutosha. Kwenye orodha ya mimweko hiyo kuna safu ya umbali, na kwa huo mmoja safu hiyo iko tupu hadi leo. Hakuna mtu aliye hai anayejua ile nyota ilifia mbali kiasi gani, na hakuna atakayejua. Utupu huo niliuweka mimi, kwa kuokoa saa moja.

Kwenye orodha hawakututoa. Tuliendelea kupokea habari, na Mzee Njoroge alipofariki nikaendelea peke yangu. Mara nyingi tumetuma ripoti za kutoona kitu, na mara chache sana za kuona. Zote nilizipima. Nyingine zilifika zikiwa za nane au za tisa kwenye foleni, na hakuna aliyenilalamikia.

Sasa nasema nilichotaka kusema tangu mwanzo. Mwanangu, si aibu kutoona. Utatazama vitu vingi katika maisha haya, kazini, katika ndoa, katika watoto wako, na mara nyingi hutaona kitu. Sema hivyo. Lakini ukisema hakuna kitu, waambie watu pia uwezo wako wa kuona uliishia wapi siku hiyo, kwa sababu kuna mtu mahali fulani atakayeacha kutafuta kwa ajili ya neno lako. Usiwape watu namba ya wiki iliyopita. Na ukishawapa, ukagundua, rudi siku hiyohiyo kabla mwenye ukweli hajaanza kujitilia shaka. Usingoje mpaka upate sababu nzuri ya kujieleza. Utarudi umechelewa, kitu fulani kitakuwa kimeshapotea, na itabidi uishi na hilo. Rudi hivyohivyo.

Mungu akupe macho ya kuona mbali. Siku yatakaposhindwa, akupe kinywa cha kusema yameshindwa. Na siku utakapokuwa umeshasema uongo, akupe saa moja kabla ya jioni, na mtu wa kukaa kando yako unapoandika.